Hata Jangwa Lina Wenyewe

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona safu hii, ambayo kwa kawaida hushughulika na karafuu, mwani, bandari na skuli, leo inazungumzia jangwa la Marekani na gari linalopanda majabali. Visiwa vyetu havina jangwa, na Mwenyezi Mungu atuepushe nalo. Lakini tuliyoyaona huko yanahusu jambo ambalo viongozi na wananchi wa hapa wamekuwa wakilikwepa kwa muda mrefu: nani ana haki ya kupita wapi, kwa chombo gani, na nani mwenye mamlaka ya kumwambia asimame.

Mwezi wa Oktoba 2022 tulikuwa wageni wa mtoto wa ami yetu, aliyehamia Marekani zamani na ambaye huendesha malori ya masafa marefu. Yeye na mfanyakazi mwenzake walikuwa wameomba kibali miezi mingi kabla, wakapewa siku zao tatu, nasi tukawa abiria. Tulitoka mji wa Moab, katika jimbo la Utah, tukaingia katika hifadhi ya taifa ya Canyonlands kwa magari mawili ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, tukiwa na maji, mafuta, chakula, spea za kutosha na hofu kidogo.

Njia yenyewe inaitwa White Rim, maana yake ukingo mweupe. Urefu wake ni kilomita zipatazo 160. Huuzunguka mlima mkubwa uliotambarika juu kama meza, na mlima huo wenyewe huitwa Island in the Sky, kisiwa cha angani. Jina hilo lilitufurahisha, kwani ukisimama juu yake unaona kweli umezungukwa, isipokuwa kilichokuzunguka si bahari bali ni bonde. Chini ya kilele, kiasi cha mita 300 na zaidi, kuna kipandio cha jabali jeupe, na gari hupita juu ya kipandio hicho. Upande mmoja umesimamiwa na ukuta wa mawe mekundu. Upande wa pili ardhi inakatika tena kwenda chini, hadi ilipo mito miwili, Colorado kwa mashariki na Green kwa magharibi, ambayo hukutana upande wa kusini. Wenye hifadhi wanasema kwamba njia hii, hali ya hewa ikiwa njema, ni ya ugumu wa kati. Dereva asiyejua kitu haimfai, na bingwa hatapata humo cha kujivunia.

Msomaji asidhani kwamba njia hii ilitengenezwa kwa ajili ya starehe. Katika miaka ya 1950, Marekani ikiwa mbioni kutengeneza mabomu ya nyuklia, tume ya nishati ya atomiki ya nchi hiyo iliwahimiza watu kwa fedha watafute madini ya urani katika majabali yale, na barabara zikachongwa kwa ajili ya malori ya wachimbaji. Hata mteremko wa Shafer, ambao ndio mlango wa safari yetu, ulikuwa awali njia ya ng'ombe ya familia ya wafugaji, kisha ukapanuliwa kwa kazi hiyo. Urani iliyopatikana mahali hapo ilikuwa kidogo sana. Tamaa ikaondoka, barabara ikabaki. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuifanya sehemu hiyo hifadhi ya taifa, na barabara ya mabomu ikawa barabara ya matembezi.

Kabla ya kuteremka, mwenyeji wetu alisimamisha gari, akatoa kipimo, akaanza kupunguza upepo katika matairi. Tulimuuliza, je, hukutuambia kwamba mawe huko ni makali? Akacheka. "Kaka, tairi lililojaa sana ni kama mtu mwenye kiburi, likigonga jiwe linaruka. Likilegea kidogo linalishika jiwe, na kwenye mchanga halizami." Hapo tulijifunza somo la kwanza. La pili lilikuja mara moja baada yake, kwani kwenye mteremko wa Shafer, unaoshuka mita zipatazo 450 kwa kona za kukunjana kama utepe, hakuigusa breki ila kwa nadra. Aliweka gia nzito kabisa, akaiacha injini ilizuie gari, likashuka taratibu kama mzee anayeteremka ngazi. Dereva anayekanyaga breki mfululizo katika mteremko kama ule huzichemsha, na breki iliyochemka haifungi tena. Na pakitokea gari jingine likipanda, anayeshuka ndiye anayetafuta pahala pa kujibanza, kwa kuwa aliyekuwa akipanda akisimama ni shida kwake kuondoka tena.

Mwendo ulikuwa wa baiskeli, na mara nyingine wa miguu. Siku ya kwanza tuliliona daraja la jiwe liitwalo Musselman Arch, limelala sawasawa na ukingo kana kwamba limejengwa na fundi, tukalala Gooseberry. Siku ya pili tulifika pahala paitwapo Murphy Hogback, ambapo njia inapanda mgongo wa mlima kwa ngazi za mawe yaliyochongoka. Hapo abiria tulishuka sote. Mmoja alitangulia mbele akawa utingo, akimwonyesha dereva kwa mikono: kushoto kidogo, simama, njoo, usiniangalie mimi liangalie jiwe. Dereva haoni magurudumu yake. Bila mtu wa mbele angelipasua difu juu ya jabali. Tuliona gurudumu moja likining'inia hewani kwa muda, gari limeinama upande wa bonde, nasi ulimi umekauka tukisoma tulizozijua. Lilipokaa sawa, mwenyeji wetu alishuka akafuta jasho, akasema tu kwamba mwaka wa kwanza alipita hapo kwa dakika 40. Safari hii ilikuwa dakika kumi.

Hakuna maji ya kunywa katika njia nzima. Kila mtu huchukua lita zake 4 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Gari likiharibika, kuvutwa kutoka mle ndani hugharimu zaidi ya dola 1,000. Kwa ajili hiyo maji yetu tuliyahesabu, na ilipofika sala tulitayamamu. Sasa hapo ndipo lilipozuka jambo lililotufanya tuandike makala hii. Tulitoka pembeni ya njia hatua mbili tatu tutafute udongo safi, na mfanyakazi mwenzake mwenyeji wetu, ambaye si Mwislamu na hakujua tunachotafuta, akatupigia kelele tusimame. Hakuwa na ugomvi na sala yetu. Alikuwa akiitetea ardhi. Akatuonyesha mbele ya viatu vyetu udongo mweusi ulioumuka vijichuguu vidogo vidogo, ambao sisi tuliudhania uchafu tu.

Udongo ule una uhai. Ni ganda lililofumwa na bakteria wasioonekana kwa macho, pamoja na kuvu na ukoga, wanaougandisha mchanga ukawa kitu kimoja. Ganda hilo ndilo linalozuia upepo usiuchukue udongo, ndilo linalonyonya mvua chache zinazonyesha, na ndilo linaloipatia nitrojeni ardhi ambayo haina samadi. Mguu mmoja unalivunja. Kupona kwake kunahesabiwa kwa miongo ya miaka, na katika pahala pakavu zaidi hata kwa karne. Tulirudi nyuma tukikanyaga nyayo zetu wenyewe, tukatayamamu kwa vumbi la barabarani, tukaelekea kaskazini mashariki kilipo kibla cha nchi ile, tukasali.

Wanaotaka ushahidi wa jinsi jangwa linavyokumbuka, na watazame jangwa la Mojave huko California. Kati ya mwaka 1942 na 1944 majeshi ya Marekani yalifanya mazoezi ya vifaru humo, katika kambi zilizoanzishwa na Jenerali Patton. Vita vikaisha, majenerali wakafa, na mistari ya minyororo ya vifaru vile bado inaonekana ardhini baada ya miaka 80. Bahari yetu hufuta unyayo kwa maji kujaa mara moja. Labda ndiyo maana sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba kila ardhi husamehe.

Wala madhara hayaishii pale gurudumu lilipopita. Ganda likishavunjika, upepo huchukua vumbi na kulipeleka mashariki hadi milima ya San Juan katika jimbo la Colorado, likaanguka juu ya theluji. Theluji nyeupe hurudisha mwanga wa jua. Iliyochafuliwa na vumbi jekundu huumeza mwanga huo, ikayeyuka mapema kwa wiki kadhaa kuliko ada yake. Watafiti wamelipima jambo hili kwa miaka mingi. Na theluji ya milima hiyo ni miongoni mwa vyanzo vya mto Colorado, ambao watu wapatao milioni 40 wanautegemea. Vumbi hilo halitokani na magari peke yake. Mifugo, kilimo na machimbo yamechangia sehemu kubwa. Lakini mtu anayecheza na usukani nje ya njia kwa dakika tano asiseme kwamba amechezea mchanga usio na mwenyewe.

Kwa ajili hiyo nchi ile, ambayo hapa tumezoea kuisikia ikisifiwa kuwa nchi ya kila mtu kufanya apendalo, imeweka masharti ambayo baadhi ya maofisa wetu wangeyaona ni ukali. Tulipokwenda sisi, hakuna aliyeruhusiwa kuingia White Rim bila kibali, hata awe ni wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Vibali vya magari ya mchana vilikuwa 50 kwa siku, basi. Kambi zimepangwa, na kundi moja halizidi watu 15 na magari matatu. Kila gurudumu libaki barabarani. Moto wa kuni hapana. Mbwa hapana, hata kama hashuki garini. Na zile pikipiki za magurudumu manne, pamoja na vigari vidogo vya wazi vya kukimbia mchangani, havikuruhusiwa kabisa ndani ya hifadhi hiyo, ijapokuwa nje ya mipaka yake, karibu na Moab, vinakodishwa kwa mamia na kuna njia zake maalumu.

Masharti haya hayakushuka kutoka mbinguni. Yalipiganiwa, na mapigano hayajakoma. Mwaka 1972 Rais Nixon, mtu ambaye hakuna atakayemwita mjamaa, alitoa amri kwamba idara zote zenye kusimamia ardhi ya umma zibainishe wapi magari yaende na wapi yasiende. Na mwaka 1977 Rais Carter akaongeza kwamba pahala panapoharibika pafungwe mara moja. Wenye magari wakajibu kwa sheria ya mwaka 1866, ya enzi za wachimba dhahabu, iliyotoa haki ya kupitisha barabara juu ya ardhi ya umma, na ambayo ingawa ilifutwa mwaka 1976 haki zilizokwisha kupatikana zilibaki. Kwa hoja hiyo jimbo la Utah na wilaya moja yake walidai kwamba Salt Creek, bonde lenye kijito katika upande mwingine wa hifadhi hiyo hiyo, ambamo magari yalikuwa yakipita ndani ya maji yenyewe, ni barabara ya wananchi. Hifadhi ililifunga bonde kwa magari mwaka 2004. Kesi ikaenda miaka, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba wadai hawakuthibitisha matumizi ya umma yasiyokatika ya miaka kumi kabla ardhi hiyo haijazuiwa. Kijito kikashinda. Na mwaka mmoja tu baada ya safari yetu, yaani 2023, idara ya ardhi ya serikali kuu iliamua kuzifunga njia zenye jumla ya maili 317 karibu na Moab, nje ya hifadhi, ikaacha wazi zaidi ya maili 800. Na hapo hapo wenye magari pamoja na jimbo wakapinga.

Hatusemi haya ili tuwasifu Wamarekani. Ardhi ile ilikuwa na watu kabla ya wachunga ng'ombe: maghala ya nafaka ya wazee wa kale yangali kwenye majabali ya kisiwa kile cha angani, na Waute na Wanavajo wanaijua kwa majina ambayo hayamo katika ramani ya mtalii. Kando ya mto Colorado, mlangoni mwa mji wa Moab, mabaki ya kinu cha urani yaliachwa yakawa mlima wa tani milioni 16 za uchafu wenye sumu, na kazi ya kuuhamisha kwa garimoshi ilianza mwaka 2009 kwa fedha za walipa kodi, si za waliotajirika. Aidha, kibali kinachoombwa miezi kabla humpata kwa wepesi mwenye nafasi ya kupanga likizo yake na gari la kumpeleka. Maskini wa Moab, ambaye hutandika vitanda vya wageni hotelini, hatukumwona White Rim.

Lakini kitu kimoja kilituingia moyoni, nacho si kigeni kwetu. Chuoni tulifundishwa kwamba kisima kina harimu yake: eneo linalokizunguka ambalo mtu hawezi kujenga, kulima wala kufunga mnyama, hata kama ardhi ile haina mwenyewe, kwa kuwa kisima bila ya nafasi yake si kisima tena. Njia nayo ina harimu, na pwani ina harimu. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakupata kuiona Utah, lakini angewaelewa wale watu bila ya mkalimani.

Tulirejea nyumbani, na wiki chache baadaye tukawa katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki kwa shughuli ya mazishi. Baada ya alasiri tukasikia mngurumo, kisha vumbi, kisha pikipiki za magurudumu manne saba zilizofuatana, wageni juu yake wamefunga vitambaa usoni, kiongozi wao mbele. Zilikata katikati ya nyumba, zikapita juu ya mwani uliotandazwa kukauka, zikateremka pwani. Bibi mwenye mwani alitoka na ufagio mkononi. Hakulaani mtu. Alituambia, "Wanangu, wao wamelipa. Sisi hatukuulizwa."

Tuliifikisha habari hiyo katika ofisi inayohusika. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu, akatupa kiti na maji, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ndugu zangu, ile ni pwani, na pwani ni ya wote. Tutamzuiaje mtu?" Tulitoka tukiifikiria sheria ile ya mwaka 1866. Hoja ni ile ile, na aliyeifaidi hapa si mvuvi wala mwanamke wa mwani, bali mwenye kukodisha vyombo, ambaye anaitumia pwani ya wote kama duka lake na hailipii hata nyuzi ya ufagio.

Sisi hatutaki biashara hii ipigwe marufuku. Vijana wanapata ajira humo, na mgeni aliyekuja kutafuta upepo na mwendo ana haki ya kuupata kwa njia ya halali. Tunachouliza ni hiki: kwa nini leseni itolewe kabla ya njia kujulikana? Njia ichorwe kwanza, sheha akiwepo, na wanawake wa mwani wakiwepo, maana wao ndio wanaojua wapi wanaanika na mwezi gani. Na wavuvi waseme wapi kasa hutaga. Iwekwe idadi ya vyombo kwa siku, na idadi hiyo ikijaa ijae, hata mgeni akiwa ni jamaa wa mkubwa. Mawe yachorwe rangi, kwani hata White Rim yenyewe sehemu nyingi haina uzio, ni njia tu inayoonekana na watu wanaoiheshimu. Sehemu ya ada ibaki kijijini, isiende kwanza mjini na kurudi ikiwa imekonda. Na kiongozi wa msafara awe amefunzwa. Mtu akiweza kumwongoza dereva jiwe kwa jiwe juu ya Murphy Hogback, hashindwi kuwazungusha wageni saba wasikanyage mwani wa mtu.

Litasemwa kwamba hatuna watumishi wa kusimamia. White Rim, katika siku tatu na kilomita 160, tulikutana na askari wa hifadhi mmoja tu. Alitazama kibali, akahesabu magari, akatuuliza kama tuna maji, akaenda zake. Kazi iliyobaki ilifanywa na wasafiri wenyewe, kama yule aliyetupigia kelele sisi. Na barabara ilipovunjika, haikuachwa: kona za Mineral Bottom, tulizopandia siku ya mwisho, zilibebwa na mvua mwaka 2010, na mwaka 2011 zilikwisha kujengwa upya.

Wiki iliyopita tulipita tena kijijini. Alama haijawekwa hata moja. Bibi yule amehamishia mwani wake uani, nyuma ya jiko, ambako magurudumu hayafiki. Wala upepo haufiki. Alituonyesha kwa mkono. Ulikuwa na siku ya nne, na bado mbichi.